Mbao za Bure za Kampala

Jua linapochomoza nyuma ya kilima cha Mbuya, malori ya shehena huwa yamekwisha jipanga mbele ya maghala ya Eneo la Viwanda mjini Kampala. Mitaa ya hapo wenyeji huitaja kwa hesabu: wa Sita, wa Saba, wa Nane. Kutoka kambi ya polisi ya Nsambya si mwendo mrefu, na mtu aendaye kwa miguu hufika kabla jua halijawa kali. Wengi hufika hapo kutafuta kazi au kununua bidhaa. Lakini yuko pia mgeni asiyeshughulika na mlango wa mbele. Yeye huzunguka nyuma ya ghala, penye ukuta wa ua, mahali palipolundikwa mbao.

Mbao hizo zimesafiri mbali kuliko watu wengi. Uganda haina bahari, na sehemu kubwa ya shehena yake hushushwa Mombasa, kisha hupanda bara kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Vigae, vioo, karatasi na vipuri huja vimepangwa juu ya vichanja vya mbao ambavyo makuli huviita paleti. Chini ya paleti huachwa nafasi ili gari la kunyanyulia mizigo lipenyeze vyuma vyake viwili na kuiinua shehena kwa mara moja. Shehena ikisha kupakuliwa, kichanja hubaki kitupu. Kukirudisha kitupu ng'ambo ya bahari kungemgharimu mwenyewe kuliko thamani yake. Kukiacha uani nako huziba njia na kuwaalika panya. Ndiyo sababu wenye maghala wengi hufurahi wakimpata wa kukiondoa.

Kwa familia ya askari jambo hili si dogo. Mvule na mkangazi huuzwa kwa bei ambayo mshahara wa konstebo haukuzoea, na misitu inayotoa miti hiyo inazidi kupungua. Pale ambapo watoto wanne hulala juu ya mkeka mmoja, paleti tatu au nne zaweza kuwa kitanda kabla mwezi haujaisha.

ALAMA ILIYOCHOMWA

Hata hivyo, si kila mbao ya uani yafaa kuingia nyumbani. Mwaka 1996 mbawakawa mharibifu wa miti kutoka Asia aligunduliwa New York, naye alidhaniwa kuwa alisafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka 2002 ikapitishwa kanuni ya kimataifa kwamba mbao za namna hiyo zitibiwe kabla ya kuvuka mipaka, kisha zipigwe alama. Mwenye kutazama ubavuni mwa paleti ataiona: picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, na herufi mbili za dawa.

Herufi HT maana yake ni kwamba mbao ilitiwa joto mpaka moyo wake ukafikia nyuzi 56 za sentigredi kwa muda wa dakika 30. Hiyo haikutiwa sumu, na ikiwa safi yafaa kwa kitanda au rafu. Herufi MB maana yake ni kwamba ilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromaidi. Hiyo na iachwe hapo hapo. Isifanywe kitanda cha mtoto, wala isitiwe jikoni kuwa kuni. Mbao isiyo na alama haina wa kuitolea ushahidi, na yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa haifai hata ikiwa na alama njema. Vivyo hivyo mataruma ya reli yaliyopakwa kreosoti: hayo ni sumu, tena yana mwenyewe.

Paleti iliyopakwa rangi mwili mzima, kama vile buluu au nyekundu, mara nyingi ni mali ya kampuni inayoikodisha. Hata ikionekana imetupwa, bado yahesabiwa, na mlinzi wa ghala hana uwezo wa kuitoa.

OMBI NA AMRI

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko misumari. Raia akienda kuomba mbao, mtunza ghala humtazama, hupima, kisha hujibu ndiyo au hapana. Akienda mtu mwenye sare, mlinzi wa mlangoni husimama wima na kusema, "Chukua tu, afande." Mwenye sare hurudi kambini akiamini amepewa, kumbe mlinzi amefuata tu methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Jioni mlinzi huyo huyo huulizwa na bwana wake mbao zimekwenda wapi. Hana jibu isipokuwa kwamba askari alikuja. Huenda ikawa mshahara wake ndio utakaolipa.

Mbao huwa za bure pale tu ambapo mtoaji angeweza kukataa. Kwa hiyo askari mwenye busara huenda siku yake ya mapumziko, amevaa nguo za kiraia, au humwachia mkewe kazi hiyo. Haombi kwa mlinzi, bali kwa mwenye mamlaka juu ya ghala. Hufika saa ambazo hakuna lori linalopakuliwa, husema ni ngapi anazohitaji na siku atakayozichukua, naye akiambiwa hapana hushukuru na kwenda zake. Akikubaliwa, huomba karatasi fupi yenye tarehe, idadi na sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi hiyo humlinda yeye akisimamishwa njiani, kama inavyomlinda mlinzi aliyefungua lango. Kabla hajaondoka hufagia pale alipochukulia, na vipande vilivyovunjika huenda navyo. Mtu wa namna hiyo mwezi ujao huitwa kabla hajaomba.

KAZI YA UANI

Paleti ya kipimo cha Ulaya ina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80. Imeundwa kwa mbao 11, vibao vinene 9 na misumari 78. Misumari yake mingi ina mikunjo kama ya parafujo, nayo hushika sana. Anayeing'oa kwa mtaimbo na pupa hupasua ncha za mbao zote. Njia ya salama ni kuinua mbao kidogo kwa kabari, kisha kukata misumari kwa msumeno wa chuma katika ule mwanya. Viatu vigumu na glavu ni lazima, na watoto wakae mbali mpaka msumari wa mwisho umeokotwa.

Mbao za juu za paleti hiyo zatosha kukatwa kuwa chaga za kitanda cha futi tatu na nusu. Kwa fremu na miguu yahitajika mbao ndefu na nene zaidi. Hapo ndipo safari huelekea Ndeeba, penye barabara ya Masaka, ambako maduka ya mbao yamebanana na kelele za mashine hazikomi mchana kutwa. Mafundi wa hapo hukubali kupiga randa mbao za mteja kwa malipo kidogo, lakini kwanza hupitisha kiganja na kuuliza kama misumari imekwisha, kwani msumari mmoja uliofichika huharibu kisu cha mashine. Fundi mwema hukataa mbao asiyoiamini, na mteja asikasirike.

Kitanda kikisha kusimama, familia hupiga msasa, hupaka vanishi na kutandika godoro. Chini ya chaga mojawapo huenda ile alama ya suke la ngano ikabaki. Siku ya uhamisho ikifika, vyombo vikipakiwa kwenye lori, mwenye nyumba ataweza kueleza kitanda hicho kilitoka ghala gani, na nani alikitoa kwa hiari yake. Na yule mlinzi wa Mtaa wa Saba atakuwa bado langoni pake.