Kijiji Kilicholipuka Kikawa Jiji

Majira yote ya baridi tumekaa na kitabu kimoja cha Mchina, na hatuwezi kukirudisha maktaba bila ya kuwasimulia. Sisi ni watu saba tunaokutana Jumapili hapa Leicester: wauguzi, dereva wa teksi, mwalimu mstaafu na wengine wa shifti za usiku. Tunasoma kwa Kiingereza, tunazungumza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tunayojua kuchekea.

Mwandishi ni Yan Lianke, mzaliwa wa Henan mwaka 1958. Riwaya ilitoka kwa Kichina mwaka 2013, na tafsiri ya Kiingereza, The Explosion Chronicles, ilitoka mwaka 2016. Inahusu kijiji kiitwacho Zhalie, yaani Mlipuko. Ni kijiji fukara cha milimani, lakini reli inapita karibu, na treni zikipanda mlima hupunguza mwendo. Kijana mmoja, Kong Mingliang, akaona hapo pana riziki: kuparamia mabehewa na kutupa chini makaa ya mawe na chochote kilichomo. Ila huo si wizi, jamani. Neno wizi amelipiga marufuku kijijini. Watu "wanashusha mizigo".

Hapo mwalimu wetu mstaafu, mtu wa Tanga, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Takrima!" akasema, na wote tukamwelewa. Kwa vijana waliozaliwa huku: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ukarimu huo ukapewa jina hilo zuri la Kiarabu. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Mwalimu anashikilia kwamba rushwa haisimami mpaka ipate neno la heshima la kuvaa, na Yan Lianke analijua hilo kuliko wanasiasa wote.

Basi Kong anatajirika, anakamata uongozi wa kijiji. Mzee aliyekuwa akiongoza kabla yake anatemewa mate na wanakijiji, kila anayetema analipwa, mpaka mzee wa watu anakufa amezama katika makohozi. Binti wa marehemu, Zhu Ying, anakuja kuolewa na Kong huyohuyo, na kisasi kiko moyoni. Kijiji kinakuwa mji mdogo, kisha wilaya, kisha jiji, kisha jiji kuu. Kila cheo kinapopanda, maumbile yenyewe yanajipendekeza: karatasi ya uteuzi ikipita, maua yaliyokauka yanachanua. Mambo hayo hayawezekani, lakini yeyote aliyewahi kuona bustani ikichipua usiku mmoja kwa kuwa mgeni rasmi anakuja kesho, hatashangaa sana.

Tusidhani kwamba ni chumvi tupu. Mwaka 1978 Wachina walioishi mijini hawakufika 20 katika kila 100. Mwaka 2011 walivuka nusu kwa mara ya kwanza, na sensa ya 2020 ikawahesabu karibu 64 katika kila 100. Shenzhen, iliyotengwa mwaka 1980 kuwa eneo maalumu la uchumi, ilikutwa na watu zaidi ya milioni 17 katika sensa hiyo. Na fedha zilitoka wapi? Ardhi ya mijini ni ya serikali, ya vijijini ni ya jumuiya ya kijiji. Baada ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1994, serikali za mitaa zilibaki na kazi nyingi na mapato machache, zikaona njia rahisi ni kumlipa mkulima fidia ndogo, kisha kumuuzia mjenzi haki ya kuitumia ardhi ileile kwa bei ya jiji. Ofisa naye alipandishwa cheo kwa takwimu za ukuaji. Wewe unategemea nini hapo?

Nyumba inayotakiwa kuondoka huandikwa ukutani herufi moja, ambayo hutamkwa *chai*. Maana yake: bomoa. Wachina wenyewe wana utani kwamba jina la nchi yao kwa Kiingereza, likisikilizwa kwa sikio la Kichina, ni kama swali: tubomoe wapi? Sisi tuliobaki na neno chai kwa maana mbili, ya kikombe na ya mkononi, tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Dada yetu wa Dar es Salaam ndiye aliyenyamaza zaidi. Nyumba ya wazazi wake ilichorwa X nyekundu. Picha alitumiwa kwa simu akiwa zamu, akaendelea kugawa dawa.

Lililotubishanisha Jumapili tatu ni Zhu Ying. Anaondoka kijijini, anarudi tajiri, anajenga. Wasichana wanamfuata mjini, na wao wanatuma fedha za saruji na bati. Wazee wanapokea, hakuna anayeuliza zimepatikanaje. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi je, nani kwetu ameuliza?" Wengi wetu tunafanya kazi za halali, lakini swali halikuwa hilo. Swali lilikuwa kwamba simu za nyumbani huuliza ghorofa imefika wapi, na aghalabu haziulizi mgongo unaumaje. Wanawake wa kikundi walikuwa na lalamiko jingine, na tunaliunga mkono: mwandishi huyu amewapa wanaume wa Zhalie kila aina ya ubaya, wanawake akawapa biashara moja tu. Hapo kejeli imekuwa mvivu.

Umbo la kitabu lilimfurahisha zaidi mzee wetu wa Lamu. Kimeandikwa kama tarehe rasmi ya mji, zile ambazo Wachina wamekuwa wakiandika kwa karne nyingi, ati mwandishi ameajiriwa na mji wenyewe. Sisi nasi tuna habari za Pate na za Kilwa, nani alitawala baada ya nani. Mzee akauliza kama mwandishi wa habari za Pate alilipwa, na nani. Katika riwaya meya anaisoma tarehe aliyoiagiza, kisha anaitia moto.

Anayependa kejeli ya kwetu amrudie Shaaban Robert katika Kusadikika ya mwaka 1951, ambayo ni ya upole zaidi. Sisi tumekubaliana kuendelea na Yan Lianke: kinachofuata ni Dream of Ding Village, riwaya yake ya mwaka 2006 kuhusu wanavijiji waliouza damu wakaambukizwa Ukimwi, iliyopigwa marufuku kwao. Nakala ni mbili tu. Wauguzi wameomba waanze wao.