Saa ya Kuokoka: Mabadiliko ya Imani katika Miteremko ya Kilimanjaro

Ukristo wa Kilutheri, ulioanza Kilimanjaro mwaka 1893 wakati wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo Machame, haukumtaka mtu ataje saa aliyookoka. Uliingia kwa shule, kwa ubatizo na kwa katekisimu, yaani mafundisho ya imani yanayokaririwa kwa maswali na majibu, hata baada ya kizazi kimoja au viwili mtoto wa Old Moshi au Marangu akazaliwa katika imani kama alivyozaliwa katika ukoo. Mtetezi mkubwa wa njia hiyo alikuwa Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika mwaka 1902 na kuhudumu Kidia kwa miaka mingi hadi 1938. Yeye aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vilivyowekwa na Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa lijengwe juu yake. Hata vijana wa kipaimara, yaani wanaothibitisha ubatizo wao, aliwapanga katika vikundi vidogo vya kuangaliana.

Hekima hiyo ililinda mengi, lakini iliacha swali zito: aliyebatizwa kwa sababu nyumba yao yote imebatizwa, anamjuaje Kristo yeye mwenyewe? Jibu halikutoka Ulaya. Lilitoka Gahini, nchini Rwanda, ambako katika miaka ya 1930 uliwaka Uamsho, vuguvugu la toba lililopitia Uganda na Bukoba, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 likawa limefika Kilimanjaro. Walioguswa nalo waliitwa walokole, yaani waliookoka, na wengi wao hawakuwa wapagani hata kidogo, bali Wakristo waliozoea kanisa, wakiwamo walimu na wazee wa usharika. Mtu wa namna hiyo alichomwa moyo ghafla, akasimama mbele ya wenzake akataja dhambi zake waziwazi, akarudisha alichoiba, akamwendea ndugu waliyegombania naye mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba linalorithiwa katika ukoo, akaomba msamaha. Aliacha pia mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na hapo ndipo gharama ilipoonekana, kwa kuwa mbege ilikuwa kinywaji cha posa, cha upatanisho na cha kuwakumbuka mababu. Kuikataa kulimfanya aonekane amewakataa watu wake.

Jambo hili lina mfano wake London, ambako mwaka 1738 John Wesley, akiwa kasisi tayari, alipata ghafla uhakika wa kusamehewa. Wongofu wa aina hii haumletei mtu mafundisho mapya. Unayafanya yale ya zamani yawe yake.

Hata hivyo, baadhi ya walokole walikosea walipomdhania asiye na tarehe ya wokovu kuwa hajaokoka, kwa maana Timotheo alipokea imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wala Paulo, aliyeangushwa njiani kwenda Dameski, hakuidharau. Kilichoihifadhi ile saa ya ghafla ni ushirika, yaani mikutano midogo ya kuungama na kuombeana, ambamo watu wa koo na makabila mbalimbali walianza kuitana ndugu. Gutmann angeutambua muundo wake. Tena wengi wa walokole hawakujitenga na kanisa: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 chini ya Stefano Moshi, mwana wa miteremko hiyohiyo, walokole walikuwamo, wakitoa ushuhuda na kuwapeleka watoto wao kipaimara.