Uzi wa Pambo na Alama Tulizozifuta

Katika mtambo wa kufuma wa duara, sindano huzunguka silinda, na kitambaa hushuka mfano wa soksi isiyo na mshono. Uzi wa msingi hufanya vitanzi. Uzi wa pambo hulazwa tu, ukipita mbele ya sindano hii na nyuma ya ile, nao vitanzi huushika. Kwa kuwa haujikunji, huhitaji urefu mdogo kuliko ule wa msingi, na hulishwa kwa kipimo chake wenyewe.

Tulipotaka kuwaonyesha watoto jambo hili, tulitengeneza zana: kipande cha mti chenye tundu pana, kimepigwa misumari 11 kandokando. Hesabu hiyo ni witiri, ili uzi wa pambo ubadili zamu kila mzunguko. Watoto walifuma kwa uzi mweupe, wakalaza mwekundu. Tuliwaamuru waukaze, tukidhani huo ndio unadhifu. Binti mmoja aliulegeza kidogo. Tukampa alama za chini kuliko wote.

Mwishoni tulizinyoosha kazi zote kwa upana. Zilizokazwa zilikuwa zimekunjamana, wala hazikunyumbuka. Ya binti yule ilinyumbuka, ikarudi. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, uzi ulipokataa niliacha kuuvuta."

Tulizifuta alama zile mbele ya darasa, tukamwachia yeye amalizie somo.

Walimu wenzetu, kabla ya kuipeleka zana darasani, tuijaribu kwanza kwa mikono yetu wenyewe. Sisi hatukufanya hivyo, na aliyelipa ni mtoto.