Bondo Dirishani

Bondo yangu ya kwanza niliiua kwa maji.

Ilikuwa Machi 2023. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, ninaishi kwenye bedsita Manyatta, Kisumu, na sina mpango wowote wa maana. Kwenye simu, kila nyumba nzuri ilikuwa na kaktasi moja ndefu, imesimama wima kando ya kochi jeupe. Kochi sikuwa nalo. Kona nilikuwa nayo. Nikauliza bei kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikashukuru, nikaondoka.

Kisha nikakumbuka kwamba kwa Dani, nyanya yangu, huko Siaya, vitu hivi vinasimama bure uani na ng'ombe hawavigusi.

Bondo ndilo jina la mti huo kwa Kijaluo, na ndilo jina la mji ule wa Siaya. Wataalamu wanauita Euphorbia candelabrum. Ukiwa mchanga unasimama kama mlingoti mmoja wenye mbavu na miiba. Ukikomaa unatoa matawi mengi yanayoelekea juu kama kinara cha mishumaa. Watu wengi huuita kaktasi, lakini si kaktasi. Kaktasi asili yao ni Amerika, na miiba yao hutoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya. Miiba ya bondo hukaa miwili miwili ukingoni mwa ubavu, na ukiikata bondo hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Nilikata tawi la urefu wa goti, nikalifunga kwa gazeti, nikapanda nalo mat. Jioni ile ile lilikuwa ndani ya mkebe wa rangi, kwenye udongo mweusi niliochota nyuma ya ploti. Kila asubuhi nililimwagilia. Sikuwa na kazi nyingine asubuhi. Wiki ya tatu lililainika chini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikaligusa, likaanguka.

Julai nilirudi kwa Dani. Nilikuwa nimemwambia kwamba walimu wa chuo wamegoma, na mgomo wangu sasa ulikuwa na miezi minne. Mwaka wa kwanza aliuza ndume ili nipate karo. Pesa ya mwisho aliyotuma niliila kwa kodi ya nyumba.

"Ulipanda kidonda kibichi?" aliniuliza, akacheka hadi akaketi.

Safari hii alikata mwenyewe, kwa panga, uso ameugeuzia kando. Utomvu ule unachoma ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Vaa glavu na miwani, na ukikurukia jichoni, osha kwa maji mengi kisha kimbia hospitali. Tawi akalilaza kivulini chini ya ghala.

"Liache hapo mpaka mahali nilipokata pawe pagumu kama kisigino changu. Wiki tatu hivi."

"Wiki tatu zote nifanye nini, Dani?"

"Si mmegoma? Kaa."

Nikakaa. Siku ya kumi na tisa, tukipukuchua mahindi, nilimwambia. Hakuna mgomo. Niliacha. Ile pesa niliila. Dani hakuinua macho. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akachukua lingine, akalimaliza pia.

"Nyakwara, lile begi ulilokuja nalo Machi halikuwa la mtu wa kurudi chuo," alisema. Kisha, baada ya gunzi la tatu: "Ndume utanilipa."

Tawi lile ndilo ninalo hadi leo. Liko kwenye chungu cha udongo chenye tundu chini, ndani ya mchanga wa ujenzi, kokoto na udongo kidogo. Linakaa dirishani, nyuma ya nondo, kwa sababu mwenye ploti alinipa sharti moja: watoto wasiliguse. Kila Jumapili nageuza chungu, maana lisipogeuzwa linafuata mwanga na kupinda. Kabla ya kumwagilia nachomeka kijiti udongoni. Kikitoka na unyevu, naacha. Msimu wa mvua ndefu naweza kukaa wiki nyingi bila kulipa hata tone, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mkono unawasha kutaka kufanya kitu.

Mwezi wa kwanza sikuona chochote. Mwezi wa pili nililisukuma kidogo kwa kidole, likakataa kutikisika. Lilikuwa limeshika mizizi.

Sasa linanifika kifuani. Naandika makala, matangazo, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, chochote kinacholipa, na nusu ya ndume nimeshailipa kwa M-Pesa, kidogo kidogo. Dani anahesabu. Kila akipiga simu anauliza mambo mawili: bondo imefika wapi, na nusu iliyobaki inakuja lini.

Swali la kwanza huwa najibu haraka.