Fleshi ya Mwenge

Bahasha ilifika kwenye sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha mama, mwaka 2008. Ndani yake mlikuwa na CD ya Ubuntu 8.04, mfumo wa Linux, imetumwa bure kutoka ng'ambo, hata stempu sikulipia. Huduma ile iliitwa ShipIt, na ilifungwa mwaka 2011. Niliishika CD kwa ncha za vidole njia nzima hadi nyumbani.

Tulikuwa na kompyuta mpakato moja tu, mtumba wa Kariakoo. Mama aliitumia kuchapa mitihani kwenye Windows. Nilipomweleza kwamba ninataka kuigawa diski mara mbili, upande mmoja wake na mwingine wangu, alivua miwani.

"Mitihani ya kidato cha nne imo humo, mwanangu. Ikipotea utaichapa wewe."

Nilinakili mafaili yake yote kwanza, kisha nikaanza. Haikufika saa nzima. Mashine ilipowaka, GRUB, kianzishi cha Linux, ikaorodhesha mifumo miwili, nasi tukachagua: mama kwake, mimi kwangu. Sauti ilitoka, skrini ilikaa sawa. Waifai tu ndiyo haikuonekana, nami mfumo huu niliutaka hasa kwa ajili ya waifai ya maktaba ya chuo.

Ilinichukua wiki kuelewa kilichokuwa kinakosekana. Dereva ya chipu ya waifai, b43, ilikuwa tayari ndani ya kerneli 2.6.24. Waliiandika watu wa kujitolea, wakiichambua dereva ya mtengenezaji kwa kuwa hakuwapa maelezo ya chipu. Hadi leo kazi ile naiheshimu kuliko programu nyingi zenye majina makubwa. Lakini chipu yenyewe ilihitaji famwea, programu ndogo inayopakiwa ndani yake kila inapowashwa, na leseni haikuwaruhusu wengine kuigawa. Kwa hiyo haikuwamo kwenye CD. Maelekezo yalisema niipakue mtandaoni. Mtandao wenyewe ndio niliokuwa nikiutafuta!

Nikawa naenda intaneti kafe ya Mwenge, fleshi mfukoni, nikilipia kwa nusu saa. Safari ya kwanza nilileta dereva ya mtengenezaji bila b43-fwcutter, ile programu inayoikata famwea kutoka ndani yake. Safari ya pili nilileta fwcutter, lakini faili la dereva lilikuwa la toleo jingine. Jioni, ujumbe wa kerneli ulirudia yaleyale: famwea haikupatikana. Safari ya tatu kila kitu kilikubaliana. Kesho yake maktabani taa ndogo ya bluu ikawaka, na majina ya mitandao yakajipanga kwenye skrini. Nilikaa nikiyatazama tu, sikufungua ukurasa wowote.

Mwaka 2010 Windows ya mama iliharibika. Niliipiga upya, GRUB ikafutika, maana enzi hizo Windows iliposakinishwa iliweka kianzishi chake mwanzoni mwa diski. Upande wangu haukufikika, ingawa mafaili yangu yalikuwa salama palepale yalipokuwa. Hapo ndipo nilipoamua kusakinisha Linux upya, Ubuntu 10.04, na safari hii nikaitengea /home sehemu yake ya diski. Tangu siku hiyo kusakinisha upya hakunitishi: unafuta mfumo, kazi zako huzigusi. Kama kuna jambo moja ningemshika mtu mkono nimwoneshe, ni hilo.

Famwea haikunisumbua tena kwa kiasi kile. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009, modemu za USB zikaenea, nami nikawa napakua vilivyokosekana nikiwa mezani kwangu. Fleshi ilibaki kwenye mkoba, pamoja na kebo ya mtandao ya mita 5, na mafundi wenzangu walijua kwamba ukiniita unakuja mkoba wote.

Kwenye kumbi za Debian, mfumo mwingine wa Linux, mjadala wa famwea uliendelea miaka mingi: mfumo huru uibebe au usiibebe? Mwaka 2022 walipiga kura, wakakubali iwemo kwenye kisakinishi rasmi. Nawaelewa waliopinga, famwea nyingi bado hutolewa bila msimbo chanzo wa kuisoma na kuirekebisha. Lakini ningekuwa mpiga kura, ningemfikiria kijana aliye na CD tu na nauli ya kwenda Mwenge.

Debian 12 ilitoka Juni 2023. Mpwa wangu alileta kompyuta yake yenye Windows, akitaka mifumo miwili. Nilimzimia ule uwashaji wa haraka wa Windows, unaoiacha diski katikati ya usingizi, tukapunguza sehemu yake, tukawasha kisakinishi cha Debian. Nikainama kuufungua mkoba nitoe kebo.

"Mjomba," akasema, "inauliza neno la siri la waifai."