Panya nusura anihamishe chumba

Jamani msinicheke, mimi nafuga panya. Si hawa wa darini. Ni wale weupe wenye macho mekundu, nilipewa na mshkaji wangu.

Wa kwanza, Kulwa, nilimtia kwenye boksi la mbao lenye maranda ya msonobari. Kosa! Vumbi na harufu vikampigisha chafya, na usiku wa nne akatafuna boksi akachoropoka. Niliamshwa na yowe la mama mwenye nyumba, yuko jikoni, mwiko mkononi! "Nikimwona tena, mnahama wote wawili!"

Nilitaka kumrudisha. Lakini kosa si lake, nyumba ndiyo haikumfaa. Nikaenda kwa fundi, akanitengenezea kizimba cha waya, nafasi zake hazizidi sentimita 1. Chini nikaweka ubao, maana waya humuumiza nyayo, juu yake magazeti yaliyochanwachanwa. Nikaongeza kijumba cha kujificha, kamba ya kupanda na chupa ya maji. Kizimba kinakaa kivulini, joto kali humuua. Nasafisha kila siku, kwani hewa ya mkojo huharibu mapafu.

Tena panya hapendi upweke. Nikamletea Doto, dume mwenzake. Ningeleta jike, wiki 3 tu ningekuwa na ukoo mzima!

Sasa wanalala wamekumbatiana. Juzi mama mwenye nyumba alichungulia, akauliza taratibu, "Hivi hawa, ugali wanakula?" Nikajua kodi ya mwezi ujao nitalipia hapahapa.