Neno Lenye Moto Ndani Yake

Msomaji mpenzi, leo tuzungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza. Utalikuta juu ya makopo na chupa ziingiazo nyumbani mwetu: dawa ya mbu ya kupuliza, spiriti, mafuta ya kuchanganyia rangi. Neno lenyewe ni inflammable. Maana yake ni hii: kitu hiki hushika moto upesi.

Mjukuu wangu wa darasa la saba alilisoma, akanifasiria bila kusita: “Babu, hii haiwaki.” Usimcheke. Alifuata kanuni aliyofundishwa. Visible ni chenye kuonekana, invisible ni kisichoonekana. Correct ni sahihi, incorrect si sahihi. Basi kama flammable ni chenye kuwaka, si inflammable ni kisichowaka? Sivyo. Hayo mawili yana maana moja: kinawaka, tena upesi.

Sababu yake ni nini? Kilatini kina in mbili. Moja ni ya kukanusha. Ya pili ni ya “katika” au “ndani”. Ninyi wazee wenzangu mliosali Misa kwa Kilatini mnaikumbuka: In nomine Patris, yaani, katika jina la Baba. In ya inflammable ndiyo hiyo ya pili. Haikanushi moto, bali yautia ndani.

Hata wenye lugha yao waliliogopa neno hili. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kiliwahimiza watu watumie flammable, asije mtu akadanganyika. Lakini neno la zamani halijatoweka. Kitu kisichowaka huandikwa non-flammable.

Basi, ndugu msomaji, wafundishe watoto wako. Wakiona neno hilo, liwe na in au lisiwe nayo, kopo likae mbali na mafiga na kibatari. Petroli nayo isimiminwe karibu na taa, hata kama taa iko hatua kadhaa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka kuufikia moto.

Na mtoto asiyelijua neno lililoandikwa juu ya kopo, aulize kwanza kabla ya kulifungua. Kuuliza si ujinga.